Ndugu wa Kitallán

Kijiwe chetu kiko katika mji wa Catacaos, kwenye benchi la nje ya kilabu cha Mama Eudocia, chini ya bendera yake nyeupe. Bendera ikipepea, chicha ipo. Ikishushwa, pombe ya mahindi imekwisha, nendeni makwenu. Wenzetu hugombania mpira. Sisi tunagombania Kitallán, lugha ya mababu zetu iliyokufa zamani, na hatujachoka.

Jana Chiroque, tunayemwita Profesa kwa sababu ya miwani, alikishika kibuyu cha pamoja na kusahau kukipitisha.

— Kitallán na Kisechura ni ndugu wa tumbo moja. Zilikuwa lugha za majirani.

— Mimi jirani yako, undugu wetu uko wapi? alisema Tarumbeta, anayepiga tarumbeta mazishini. Kitallán hakina ndugu. Kilizaliwa peke yake, kikafa peke yake. Lete kibuyu.

Ipanaqué, mfua fedha, akasema wote wawili hawajui kitu: lugha ilikuja na majahazi kutoka ng'ambo ya bahari. Profesa hakukubali kupitwa. Akatangaza kwamba hata Kihispania ni mtoto wa Kitallán, tena mtoto asiye na shukrani.

Hapo akafika binti aliyevaa nyeusi, na mtungi mkononi, kuchukua chicha ya matanga. Bibi yake, Natividad Yamunaqué, alikuwa azikwe kesho yake. Marehemu aliacha ombi moja, aagwe kwa lugha ya wazee wake.

— Nimeambiwa nyinyi ndio wenye Kitallán. Neno moja linanitosha. Kwaheri walisemaje?

Profesa akafuta miwani. Ipanaqué akatazama viatu vyake. Tarumbeta akaanza kusema inategemea, maana kama ni ndugu wa Kisechura...

— Wazee wangu, sijauliza ndugu zake. Nimeuliza kwaheri.

Miaka yote ile tunapanga ukoo, na neno hata moja hatuna. Niliona aibu, nami nimo. Binti akajaziwa mtungi, akatushukuru kuliko tulivyostahili, akaondoka.

Alipokata kona tu, Profesa akakohoa.

— Ila kwa upande wa Kisechura...

Mama Eudocia akatoka, akaishusha bendera. Tarumbeta akamkumbusha kwamba pipa bado nusu.

— Imekwisha, alisema, akamnyang'anya Profesa kibuyu.