Kofia ya Mzee Kamasi

Baada ya miaka thelathini na moja ya kusaga majani, Mzee Kamasi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina alijipa mwenyewe. Siku yake ya kwanza maabarani aliambiwa atoe DNA kwenye bamia, akaambulia ute mtupu. Mkuu wa maabara alipomuuliza amepata nini, akajibu bila kupepesa macho kwamba amepata kamasi.

Tangu hapo kila mmea msumbufu uliletwa mezani kwake. Mihogo, mikorosho, minazi yenye majani kama bati, yote aliisaga kinuni kwa nitrojeni ya baridi kali, akaitia chumvi, akaibembeleza mpaka ikatoa. Mmoja tu ulimshinda: dungusi la dirishani, miiba nje, ute ndani. Alilipa jina la Mkwe, kwa sababu huliendei bila heshima na bado halikupi kitu. Mwaka mmoja mchi ulinata, akauinua, na kinu kikaja nao. Alivibeba hivyo hivyo hadi kwenye kikao cha wakuu, asije akaambiwa anasingizia.

Aliapa mbele yetu kuwa haondoki kabla Mkwe hajasalimu amri. Miezi ikayoyoma, tukaanza kumhurumia. Ndipo mwezi uliopita Mkwe akachipua. Chipukizi huwa na ute kidogo, na likikaa gizani siku mbili wanga nao, unaochafua DNA, hupungua. Basi mzee akavua kofia yake, ambayo hakuna aliyewahi kuiona ikivuliwa, akalifunika.

Kesho yake mlinzi wa getini alikataa kumfungulia. Upara ule hakuujua. Mzee akaandikishwa kama mgeni, na alipoulizwa amekuja kumwona nani, akasema amekuja kumwona Mkwe.

Siku ya pili alilikata chipukizi, akamrudishia Mkwe kofia, akasaga. Alipomimina spiriti, nyuzi nyeupe za DNA zikajikusanya kwenye kichupa, safi, bila kamasi. Mashine ya kupimia ikakubali. Mzee akalia, sisi tukalia, na mlinzi aliyekuja kuomba radhi akalia pia bila kujua kisa.

Asante, mzee wetu, kwa kutufundisha kuwa subira huvuta heri, ila chumvi nayo husaidia. Roho zinatuuma kukuaga. Tumekuchangia kofia mpya, maana ya zamani haitoki: Mkwe amechipua tena chini yake. Pumzika vyema, ule ushibe, uje kututembelea. Mlinzi ameapa atakutambua, mradi uje kichwa wazi.