Jani la Mrehani kwenye Chupa ya Mfereji

VELKO: Haloo, maabara? Leo tarehe sita Desemba, ukungu umelala juu ya mto Danubi, baridi imegandisha hata nguo za mama kwenye kamba. Nimeripoti vizuri, dada, au na upepo unautaka?

ZLATINA: Uko wapi?

VELKO: Kwa mama. Leo si sikukuu ya Mtakatifu Nikola, siku ya kula samaki? Zamu yangu iliisha jana. Samaki yuko kwenye tanuri, Padri Naum ameshafika, mzee Stamen na mkewe—

ZLATINA: Ile chupa ya kupima uliyoniletea jana jioni, Velko.

VELKO: Ya mfereji wa kinu cha nyuklia. Imefanyaje?

ZLATINA: Wewe niambie imefanyaje.

VELKO: [mikwaruzo] —sikupati, sogea dirishani.

ZLATINA: Maabara iko chini ya ardhi, dirisha nitalitoa wapi. Chupa ina jani ndani.

VELKO: Jani tu? Kule kando si miti mitupu—

ZLATINA: Jani la mrehani. Mrehani hauoti kando ya mfereji, mdogo wangu. Unaota kwenye chungu cha mama, na Padri anauchovya majini akibariki nyumba. Halafu mashine imekesha na maji yako, haikukuta kitu. Maji yanayotoka kinuni huwa na chembe za mionzi kila siku, kidogo, kiasi kinachoruhusiwa. Yako hayana hata hizo. Ni safi mno.

VELKO: Wenzako wanalia na maji machafu, wewe unalia na yaliyo safi.

ZLATINA: Usinichekeshe. Ulichota wapi?

VELKO: Sema taratibu, kuna watu hapa.

ZLATINA: Ulichota wapi?

VELKO: Kwenye dumu la mama. La maji ya baraka. Usinikatize kwanza— sikiliza. Wewe hujakiona kile kishimo cha kuchotea. Machinjio ya huko juu ya mfereji wanamwaga matumbo, yanakuja kukwama kwenye wavu wetu. Na maji yetu ni ya vuguvugu, kwa hiyo yanaoza hata Desemba. Funza, dada. Unashusha ndoo, inapanda na utumbo unaning'inia. Nimetapika mpaka nyongo. Nikalalamika, wakasema watatuma watu. Nani amekuja?

ZLATINA: Kwa hilo nakupa pole. Kwa hilo tu.

VELKO: Basi nikaona, maji ni maji.

ZLATINA: Wewe umeona kinyaa kwa funza. Mimi naona kinyaa kwako. Maji yaliyoombewa umeyafanya shahidi wa uongo.

VELKO: Ah, umeanza kuhubiri.

ZLATINA: Tangu lini?

VELKO: Jana tu ndiyo—

ZLATINA: Velko.

VELKO: Ya baraka ni jana tu, kwa sababu ukingo uliganda, niliogopa kuteleza. Zile nyingine nilichota mtoni. Juu ya kinu, palipo safi.

ZLATINA: Tangu lini, nimeuliza.

VELKO: Matumbo yalipoanza. Oktoba.

ZLATINA: Mungu nisamehe. Niliona vipimo vinashuka nikamshukuru Yeye. Nilipiga magoti kabisa. Kumbe nashukuru uvivu wako.

VELKO: Si uvivu, ni tumbo langu—

ZLATINA: Nyamaza kidogo. Kuna vali ya tangi la maji machafu ya kinu ambayo wakubwa wanaitilia shaka tangu Oktoba hiyo hiyo. Wakauliza, inavujisha mferejini? Nikawajibu hapana, tazameni chupa, safi. Nikatia sahihi. Na leo saa sita wanataka kulifungulia tangi lenyewe mferejini. Bosi wa zamu amesimama mlangoni hapa anangoja nitie tena.

VELKO: Inavuja?

ZLATINA: Sijui. Pengine hata tone halijatoka. Lakini sijui, na nimekuwa nikisema najua.

VELKO: Tia leo, dada, ya mwisho. Kesho naingia kishimoni, naapa. Nikifukuzwa kazi—

ZLATINA: Samaki wa mama ametoka wapi?

VELKO: Mzee Stamen ndiye aliyemleta. Kambare mkubwa, mnene.

ZLATINA: Unene huo kaupata wapi?

VELKO: ...Pale kwenye maji ya vuguvugu wanakusanyika wengi.

ZLATINA: Kwenye mfereji.

VELKO: Wanakula yale matumbo. Mimi siku hizi siwagusi. Nilipanga kusema tumbo linaniuma.

ZLATINA: Wewe huli. Na mama anakula.

VELKO: Mama amefurahi, dada. Ameamka mapema, amemjaza njugu na vitunguu. Ningesemaje mbele ya wageni?

ZLATINA: Ukanyamaza, ukamtazama anampaka mafuta.

VELKO: [mikwaruzo] —wanamtoa kwenye tanuri sasa hivi. Mama ameshika kisu.

ZLATINA: Weka simu kwenye spika, wote wasikie. Na mimi naweka, bosi asikie. Fanya hivyo, Velko, au namwambia mama mimi.

VELKO: Subiri. Haya. Inasikika.

MAMA: Zlatina? Mwanangu, ungekuja, samaki ana harufu ya—

ZLATINA: Mama, weka kisu chini. Velko ana neno.

VELKO: Mama, keti. Baba Padri, naomba usibariki bado. Mzee Stamen, nisamehe, si kosa lako. Maji niliyokuwa nikipeleka maabara tangu Oktoba hayakuwa ya mfereji. Nilidanganya. Samaki huyu ni wa mfereji, na hakuna anayejua maji yale yana nini.

MAMA: Wewe ulikuwa unajua? Umenikatia vitunguu.

VELKO: Nilijua, mama.

ZLATINA: Bosi amesikia. Sahihi sitii. [mikwaruzo] Betri yangu inakwisha. Malizia.

VELKO: Mbele yako mama, mbele ya Padri Naum, mzee Stamen na mkewe, na bosi huko aliko: navaa viatu sasa. Nashuka kishimoni leo, nachota mwenyewe, na Stamen anifuate aone ninapochota. Tangi lisifunguliwe, na samaki huyu asiliwe na mtu, mpaka dada aseme maji yana nini. Nimeahidi.