Aliyewagawia Watu Midomo ya Ndege

Ndugu waombolezaji, mwenzetu mnayemwona hapo amenyamaza, na ni mara yake ya kwanza, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1953 katika chumba cha nyuma cha nyumba ya bibi yake, akiwa kitinda mimba, na mkunga alisema alitoka mdomo wazi.

Shule alianza Januari 1961, ile ya nyuma ya soko, akafukuzwa mara mbili kwa kuwabandika walimu majina, kisha tarehe 2 Juni 1974 akaajiriwa jumba la makumbusho, ukumbi wa ndege waliokaushwa, awafute vumbi na kuwaeleza wageni kwamba huu mdomo ni mkuki, wa yangeyange, huu patasi, wa kigogota, huu ndoana, wa kozi, na huyu bapa mbele kama mwiko ndiye domomwiko, na angeyaacha maneno hayo kulekule tungemwita msomi, lakini aliyaleta nyumbani kama mtu anavyoleta kunguni.

Tarehe 18 Desemba 1979 alifunga ndoa, na palepale karamuni akamwambia mama mkwe wake kuwa ana patasi, mama wa watu akaacha sahani akaondoka. Dada yake mkubwa, anayewasomea haya, alipewa mundu wa kwarara, yule ndege wa kufukua matope, eti kwa kufukua ya watu, uongo mtupu, na shemeji wa mlango wa pili ni shahidi, maana mambo ya shemeji huyo yote dada anayajua na hajawaambia zaidi ya watu watatu.

Marehemu alijaliwa mtoto mmoja, binti, tarehe 5 Machi 1983, na siku ya posa yake, tarehe 12 Agosti 2006, binti akiwa ndiyo kwanza anatua sinia, baba akawaambia wageni, "Chungeni vikombe, huyu domomwiko wangu atachota chai yote," wageni wakacheka wakashika mbavu, wasirudi tena, mkewe akafungasha virago akamwacha, na tangu siku hiyo binti hakusema wala kucheka bila kuziba mdomo kwa kiganja, hata dukani.

Tarehe 11 Februari 2023 kiharusi kilimwangusha marehemu bafuni, ulimi ukafa, mdomo ukaenda upande, na dada yake alikwenda wodini na neno lake mkononi la kumlipizia mdomo wake, mkasi uliolegea msumari, alilolitunza asije akafa nalo, akamkuta binti ameshika bakuli mkono huu na kijiko mkono huu, hana wa tatu wa kuzibia, marehemu anautazama mdomo ule, mpana, mzuri, machozi yanamtoka, kisha akanyoosha kidole kwenye wake, kama anayeuliza wangu ni wa ndege gani, binti akamjibu, "Wako ni mdomo tu, baba, haya, fungua," na dada akalimeza neno lake, mpaka leo limemkwama.

Alifariki tarehe 30 Oktoba 2023, alfajiri, na wengi wetu hatukuwa tumemsamehe, tusidanganyane mbele ya jeneza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani kwa uvumilivu, na wafanyakazi wenzake, waliokuja wote, pengine kuhakikisha. Mtakapopita kuaga, binti amesimama pale kichwani, mikono yote miwili chini, na atakayemcheka atajibizana na mwenye mundu.

Pumzika kwa amani, na mdomo utangulie.