Picha Nyeusi za Mzee Kifuniko

Baada ya miaka thelathini na miwili na miezi minne ya utumishi, mpiga picha wetu wa Kitengo cha Ukaguzi anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Faili lake la utumishi ni nene kiasi kwamba limefungwa kwa kamba. Humo ndani mna barua za pongezi, fomu za likizo ambazo nyingi hakuzitumia, na barua moja tu ya onyo. Barua hiyo haikuwa stahili yake. Wasifu huu umeandikwa ili kumuaga, na pia ili barua hiyo isimfuate nyumbani.

Aliingia idara yetu ya maji akiwa mwembamba, na kamera ya filamu shingoni. Kazi yake ilikuwa kupiga picha kuta za matangi usiku. Wageni huuliza kwa nini usiku. Ni kwamba jua la mchana huumulika ukuta wote sawasawa, nyufa zisionekane. Usiku, taa ikiwekwa chini kabisa kando ya ukuta, hata mkwaruzo mdogo hutoa kivuli.

Kamera za dijitali zilipokuja, ofisi nzima ilishangilia, yeye akanuna. Picha za kwanza za usiku zilijaa vidoa vyekundu, vya kijani na vya buluu. Mhandisi mkuu alizitazama kwa mbali, akazitazama kwa karibu, mwishowe akasema, "Mzee, mimi hapa naona chenga tu." Tulicheka, lakini neno likabaki, na tangu siku hiyo adui wa mzee wetu alikuwa na jina.

Alipambana na chenga kwa njia ambazo alitufundisha sote, hata sisi ambao hatukuomba. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iwe chini kabisa. Kamera ikae juu ya stendi, lenzi iachwe wazi nusu dakika, na mtu asithubutu kukohoa karibu nayo. Picha ileile aliipiga mara nane, kisha kompyuta ikatoa wastani wake, kwa kuwa ukuta hauhami ilhali chenga nyingi huhamahama. Zilizobaki ni zile alizoziita chenga sugu. Hizo hutokana na joto la kamera yenyewe na hung'ang'ania mahali palepale. Kwa hizo aliziba lenzi kwa kifuniko, akapiga tena nusu dakika ileile katika baridi ileile. Ilitoka picha nyeusi tii, yenye chenga sugu peke yake, na kompyuta ikazitoa kwenye picha ya ukuta.

Jina la utani alilipata kwenye harusi ya binti wa dereva wetu. Jioni ilikuwa imeingia. Aliwapanga maharusi, akawaamuru wasipumue, akapiga. Kisha, kama kawaida yake, akaweka kifuniko na kupiga tena. Shangazi wa bibi harusi akaruka kutoka kitini: "Baba, kifuniko! Kifuniko jamani, unatupiga chenga!" Yeye akaendelea kuhesabu sekunde kimyakimya. Kuanzia Jumatatu iliyofuata alikuwa Mzee Kifuniko.

Kitu kimoja alikichukia waziwazi: kitufe cha kulainisha kilichomo kwenye programu ya ofisi. Ukikibonyeza, chenga zote hutoweka na ukuta hubaki laini kama sahani. Alizoea kusema kwamba kitufe hicho hakijui chenga wala ufa, kinafagia tu.

Miaka tisa iliyopita, Jumanne usiku, alipiga picha ukuta wa tangi namba tatu, lile la juu kilimani. Chini yake zipo nyumba za wafanyakazi, familia arobaini na kitu. Kwenye picha, mita tisa kutoka chini, palikuwa na mstari wa vidoa vinavyong'aa, urefu wa kiganja. Mhandisi mkuu alisema ni chenga. Kitufe kikabonyezwa, vidoa vikaondoka, na taarifa ya kwamba ukuta ni mzima ikawekwa mezani kusubiri saini ya Jumatatu mchana. Kupeleka jukwaa na mafundi kule juu kwa ajili ya vidoa kulionekana jambo la mzaha.

Mzee Kifuniko alikataa. Alisema picha nyeusi za usiku ule zitaamua: kama vidoa vimo, ni vya kamera, kama havimo, ni vya ukuta. Jumatatu asubuhi alikwenda kwa mtunza kumbukumbu kuziomba. Mtunza kumbukumbu alikuwa mgeni kazini, mwezi wa tatu tu, na Ijumaa iliyotangulia alikuwa amesafisha kompyuta. Alikuta picha elfu nne na zaidi zisizo na kitu, akadhani mzee wa watu husahau kufungua lenzi, akazifuta zote. Alikwenda nyumbani akijisifu kwa nafasi aliyoipata.

Mtunza kumbukumbu huyo ni mimi.

Nilimwambia, "Nimezifuta, Mzee. Zilikuwa nyeusi tu." Alivuta kiti akakaa. Nilitegemea anifokee, na ingekuwa afadhali. Akasema, "Dada, hizo nyeusi ndizo zilizokuwa shahidi wangu." Maji yalinifika shingoni.

Kwenye kikao aliulizwa ziko wapi. Akajibu kwamba hazipo, na kwamba kutunza picha zake ni jukumu lake. Nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake, nikatazama meza. Barua ya onyo iliandikwa palepale: uzembe katika kutunza kumbukumbu. Aliipokea kwa mikono miwili, kisha akaomba usiku mmoja tu kabla ya saini. Akapewa.

Usiku huo nilimshikia taa. Alipiga mara nane na kifuniko mara nane. Halafu akasogeza stendi shubiri moja kulia, akarudia yote. Chenga sugu zingebaki palepale kwenye picha. Vidoa vyetu vilihama pamoja na ukuta, na kwenye picha nyeusi havikuwemo. Yalikuwa matone ya maji.

Asubuhi mafundi walipanda, na wa kwanza kugusa aliteremka na kiganja kilicholowa. Tangi lilikaushwa kwa siku mbili. Ndani walikuta ufa unaozidi mikono ya mtu mzima akiitanua. Mhandisi mkuu alimpa mkono mbele yetu sote, lakini barua ilibaki, kwa kuwa picha zilikuwa zimefutwa kweli na aliyezifuta hakutajwa. Mara mbili jina lake lilipendekezwa kuwa Mfanyakazi Bora, mara mbili faili likafunguliwa, barua ikaonekana na jina likaachwa, na mara mbili nilikuwa mimi niliyelipeleka. Nililibeba mwenyewe, nikakaa kimya. Nilimwendea mara moja tu nikitaka kusema ukweli. Akanijibu, "Una watoto wadogo, mwanangu. Mimi barua hii hainiamshi usingizini." Nikajitia kuridhika, na hilo naliona aibu mpaka leo.

Mzee wetu, safari hii sikukuuliza, maana ungenikataza. Jumatatu nilimkabidhi ofisa utumishi maelezo yangu yenye saini. Jana barua ilitolewa katika faili lako. Sasa imo katika langu, ikiwa na jina sahihi. Picha zako nyeusi za miaka hii tisa zipo zote, sijagusa hata moja. Ukifika mstari huu, hapa kwenye hafla ya kukuaga, nimekaa kiti cha tatu kutoka mlangoni. Naomba unisamehe.

Kwa niaba ya wenzako wote, asante. Familia za chini ya kilima zimelala miaka yote hii bila kujua nani alikuwa macho. Sasa zamu ni yako. Tunakutakia afya, wajukuu wenye kelele mchana, na usiku mwingi wa kulala.