Kiko cha Mzee Muli

Benchi letu liko katika soko la Tulia, mkabala na duka la mbegu, penye kivuli ambacho kwa hesabu yangu huisha saa nne. Wenzangu huniita Hesabu. Yupo Jaji, ambaye hajawahi kuhukumu chochote, na Kilomita, aliyeendesha lori la Mombasa mpaka macho yakachoka. Asubuhi hiyo tulikuwa tukinywa kahawa, nami nilikuwa na kiko kipya cha mzizi wa briari, mti mgumu wa ng'ambo. Kesho yake tulikuwa tunakwenda Migwani kumposea mwanangu Mutie binti wa Mzee Muli. Mzee alikuwa amevunja kiko chake, akatuma neno kwamba mbuzi anao. Anachotaka ni kiko kisichomchoma ulimi. Kiko kipya huchoma. Kwa hiyo nilikuwa nakizoeza: tumbaku theluthi tu, moshi wa polepole, kisha kipumzike kipoe, mpaka ndani kushike utando mwembamba wa makaa.

— Theluthi? akaguna Jaji. Kwani unamlisha mtoto? Jaza!

— Nikijaza, mbao itapasuka kwa joto.

— Ati mbao! Chungu kipya huchemshiwa uji kwanza. Kitie uji.

— Jaji, hiki si chungu.

— Nyote hamjui, akasema Kilomita. Injini mpya lazima ipande mlima. Lete hapa.

Akakipokonya, akakinyonya mpaka mashavu yakabonyea. Kiko kikawa hakishikiki.

— Kiweke chini kipoe, bwana!

— Kimwagie maji, akashauri Jaji.

— Maji ni mwiko! Kitavimba.

— Basi mafuta ya mbuzi. Babu yangu alikipaka kibuyu chake, kikaishi kuliko wake zake wawili.

— Babu yako alikuwa akivuta kibuyu?

— Usimtusi marehemu. Hebu nionje kama bado kinachoma.

Akavuta, akafumba macho.

— Kinachoma upande wa kushoto.

— Ulimi una upande?

— Wangu unao.

Nilikinyang'anya kabla hawajakiua. Nikakiacha kipoe, nikakung'uta majivu, nikatia theluthi yangu, nikavuta nilivyokusudia tangu mwanzo. Moshi ukaja laini kabisa. Utando ulikuwa umeshika pande zote. Nikawatangazia kwamba kazi imekamilika, licha yao.

Hapo akasimama mbele yetu mwanamke mwenye kiondo begani. Alikuwa Kaluki, dada yake Mzee Muli, aliyepitia sokoni kutuuliza habari za kesho. Akatusalimu mmoja mmoja.

— Hicho ndicho kiko cha kaka?

— Ndicho, mama, nikasema nikikitoa mdomoni. Hakitamchoma hata kidogo.

Akautazama mrija, unang'aa mate. Akamtazama Jaji, akamtazama Kilomita, bado anafuta midevu.

— Kaka yangu hanywi kikombe kimoja na mtu, sembuse na mkwe. Sasa hiki atakivutaje?

Jaji akainamia viatu vyake. Kilomita akainua kikombe akanywa, ingawa kahawa ilikuwa imekwisha zamani.

— Haya, akasema Kaluki akipandisha kiondo. Kesho mnafika saa ngapi?

Nikaanza kuhesabu ni saa ngapi zinatosha kuzoeza kiko kingine.