Sentensi Aliyoibakiza Bi Winifred

Basi la Bradford lilikuwa likipanda kilima, na Clifford, gazeti usoni, hajasoma hata mstari mmoja. Mbele yake walikaa wanawake wawili wasiojuana: Doreen, mwenye kikapu cha viazi, na Bi Winifred, mwigizaji ambaye Clifford amemwona akifa kwenye filamu chungu nzima tangu anavaa kaptula.

"Mama, umri huo si wa jukwaani tena," Doreen alisema, aliposikia mwenzake anakwenda ukumbini kuigiza. "Kaa nyumbani unywe chai. Ukisahau maneno mbele za watu je?"

"Nisahau? Hebu nisikilize!" Bi Winifred akamwaga maneno yake ya mchezo mpya, analia, anafoka, mpaka dereva akapunguza mwendo. Ghafla Bi Winifred akakatiza.

"Na mwisho?"

"Sentensi ya mwisho haisemwi kabla ya onyesho la kwanza. Sisi waigizaji tunaona ni mkosi."

"Mkosi! Sema umesahau."

"Njoo Alhamisi, ndipo useme hivyo."

Basi likasimama mbele ya ukumbi. Bi Winifred akashuka na mkongojo wake. Dirishani, Clifford aliiona midomo yake ikicheza kimyakimya. Kisha Bi Winifred akaifunga kwa nguvu, akasukuma mlango.

Doreen akageuka. "Wewe mwenye gazeti, usijifanye hukusikia. Hebu angalia humo, onyesho la Alhamisi ni saa ngapi?"