Umupatie Simu Yako

CÉLINE: Haloo? Haloo?

KASEREKA: Haloo? Ni nani? Hii namba siijue.

CÉLINE: Ni miye, Céline. Unanisikia?

KASEREKA: Yaya! Yaya Céline, dada yangu! Mungu wangu. Siku tano, Yaya! Siku tano ninapiga, Goma yote réseau ya simu iko imezimika. Jambo yako! Muko bazima?

CÉLINE: Jambo, petit, mudogo wangu. Tuko. Ni simu ya jirani, ya Julienne. Unité ya kupigia iko kidogo—

KASEREKA: Masasi ya bunduki ilinyamaza?

CÉLINE: Toka asubui. Banasema vita imeisha. Nani anatawala, hatujue. Jua kali, vumbi, batu banapita na magodoro ku kichwa.

KASEREKA: Na Mama?

CÉLINE: Ako hapa. Analala.

KASEREKA: Mama, kulala muchana?

CÉLINE: Amechoka. Na we, umekula?

KASEREKA: Nitakula namna gani, Yaya! Kesho saa tano njo natetea mémoire yangu ku université. Miaka tano ya économie numérique, uchumi wa mu simu! Cravate, tai ya Papa, nimeipiga pasi mara mbili. Umupe Papa simu.

CÉLINE: Kasereka—

KASEREKA: Dakika moja tu! Directeur wangu wa mémoire amekubali niweke simu ku meza, video, Papa anione. Yeye mwenye anasema nasoma masomo ya hewa, kesho ataona hewa inavaa cravate. Atapata réseau fasi gani?

CÉLINE: Réseau ha— [mtandao unakwaruza]

KASEREKA: Yaya? Haloo!

CÉLINE: Niko. Weye uko ku nyumba?

KASEREKA: Niko huku Kampemba kwenye nasomea, mu chumba yangu.

CÉLINE: Usitoke. Papa Kataliko anakuya kukuona.

KASEREKA: Papa Kataliko? Mukubwa wa mutualité, chama ya batu ya kwetu? Siku ya kazi, saa nane, anaacha malori yake juu ya miye?

CÉLINE: Kukuona tu.

KASEREKA: Peke yake?

CÉLINE: Na Mama Claudine. Na Donat, nazani. Bote ba mutualité.

KASEREKA: Batatu.

CÉLINE: Atakuomba simu yako. Umupatie.

KASEREKA: Yaya.

CÉLINE: Umupatie tu. Usibishane na mukubwa.

KASEREKA: Yaya, mwaka jana, kaka ya Deborah, mwanafunzi mwenzangu, alipokufa kule Butembo, njo miye nilienda na Papa Kataliko kwa Deborah. Tulikuwa batatu. Mbele ya kusema neno alimuomba simu, akaiweka mu mufuko, juu asisome habari ya kifo ku WhatsApp. Kiisha tukamukalisha. Kiisha njo akamuambia.

CÉLINE: Usianze—

KASEREKA: Njo vile tunafanyaka! Weye unajua!

CÉLINE: Sema polepole, nakuomba. Mama atasikia.

KASEREKA: Shi umesema analala?

CÉLINE: Ngoja, natoka inje.

KASEREKA: Papa iko wapi?

CÉLINE: Alitoka juzi.

KASEREKA: Alitoka? Mu masasi?

CÉLINE: Alisema ni depo mbili tu zilibakia. Kwamba anarudia sasa hivi.

KASEREKA: Depo ya nini? Fiche zangu. Yaya, niambie haikuwa zile fiche.

CÉLINE: [mtandao unakwaruza]

KASEREKA: Maulizo ya wauza jumla! Nani analipwa kwa simu, nani anakataa! Nilimuandikia: Papa, zimebakia fiche kumi na mbili za zile depo mbili, directeur anataka sitini. Nilimuandikia mbele vita ifike! Nilizani ataacha!

CÉLINE: Tulimukataza. Mama alifunga mulango. Akasema mutoto wake hatashindwa juu ya karatasi kumi na mbili.

KASEREKA: Hata makumi ine na nane, directeur angekubali! Sikumuambia tu. Nilitaka sitini, ikae muzuri. Miye, Yaya. Miye njo nilimutuma.

CÉLINE: Usiseme vile.

KASEREKA: Ziko wapi?

CÉLINE: Ziko kwangu. Sitini zote. Batu balizileta. Zimelowana kidogo.

KASEREKA: Na nini?

CÉLINE: Mvua.

KASEREKA: Shi umesema jua kali?

CÉLINE: Nitazikausha, petit.

KASEREKA: Sema, Yaya. Sema weye mwenyewe, ni weye dada yangu. Page ya kwanza ya mémoire nimeandika: kila kintu itapita mu simu. Soko, masomo, benki, byote—

CÉLINE: Hii haipite. Mama amekataza. Mutu hapewe hii neno mu simu, peke yake mu chumba.

KASEREKA: Banagonga.

CÉLINE: Fungua.

KASEREKA: Sifungue. Kama sijafungua, Papa angali muzi—

CÉLINE: Unité inaisha, petit. Fungua mulango.

KASEREKA: Cravate iko hapa ku kitanda. Nitaifanya nini?

CÉLINE: Fungua.

KASEREKA: [mlango] Karibu, Papa Kataliko. Mama Claudine. Donat… Eee, Papa Kataliko, nakaa. Nimekaa. Simu? Ngoja kwanza, ni dada yan—

CÉLINE: Kasereka? Haloo? Kasereka!

KATALIKO: Haloo. Céline, mwanangu. Ni miye, Kataliko. Simu yake iko mu mukono yangu. Tumefika. Kata.